Kadi ya Kompyuta Kuukuu na Jiwe Lisilorudi

Swali la insha hii laweza kuonekana dogo mno kuitwa swali la maadili: mtu mwenye kompyuta iliyozeeka, ambayo kadi yake ya grafiki imeungua, anunue kadi gani badala yake? Wengi watasema hilo ni swali la fundi na la mfuko. Fundi ataangalia kama kadi inaingia, mfuko utaangalia bei, na mjadala umekwisha. Mimi naona fundi na mfuko hawatoshi, hasa kwetu sisi tunaoishi Mbugangari. Kutoka hapa mtu anafika Petite Barrière kwa miguu. Ng'ambo ya kizuizi ni Goma, na nyuma ya Goma ni milima ya Masisi, ambako huenda sehemu ya kadi hiyo ilichimbwa kabla haijawa kadi.

Ili nisizungumze hewani, nitatumia mfano wa jirani yangu. Kazi yake ni kupiga na kuhariri video za harusi na za kwaya. Kompyuta yake ni Dell OptiPlex 9020, aina iliyoingia sokoni mwaka 2013, mashine ya ofisi iliyomfikia ikiwa tayari imetumikia watu wengine huko ilikotoka. Kadi ikifa, mashine kama hiyo bado inawaka, kwa sababu prosesa ina grafiki yake ndogo ya ndani. Tatizo ni kwamba simu na kamera za siku hizi hubana video kwa mfumo wa HEVC, na prosesa ya kizazi kile, Core i5 ya kizazi cha nne, haina sehemu maalumu ya kuufungua. Inajitahidi kwa nguvu zake za kawaida, picha inakatikakatika, na kukata dakika tano za bibi harusi akiingia ukumbini kunakula asubuhi nzima. Kwa hiyo tusianze kwa kumhubiria kwamba angeweza kuishi bila kadi. Kadi kwake ni kama cherehani kwa mshonaji.

Mashine yenyewe ina masharti yake, na ni vizuri kuyasikiliza kwanza. Pawa saplai yake ni ya wati 290, na plagi zake si zile za kawaida, hivyo huwezi kuingia dukani ukachukua nyingine yoyote ukaichomeka. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa wati 75 tu. Basi kadi inayofaa ni ile inayoishi kwa wati 75 au chini, bila kuomba chakula kingine.

Katika kundi hilo hakuna nyingi. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula wati 60, lakini haina kifaa kamili cha kufungua HEVC, kwa hiyo haimsaidii mahali anapoumia. GT 1030 ya 2017 inakula wati 30 tu na inafungua HEVC vizuri, ila haina kifaa cha kubana video, na kubana ndiyo nusu ya kazi yake. (Tena GT 1030 ina kisa kinachofaa kufundishwa katika somo la uaminifu: mwaka 2018 ilitolewa nyingine yenye memori ya DDR4, ya polepole zaidi sana, kwa jina lilelile. Mnunuzi asiyesoma maandishi madogo anapata kitu kingine chenye jina aliloliomba.) RX 6400 ya 2022 inakula wati 53, nayo pia haina kifaa cha kubana, na imetengenezwa kutumia njia nne tu za tundu, hivyo katika ubao wa zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake. Zinabaki GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019. Zote mbili zinafungua, zinabana, na zipo za aina zisizohitaji waya wa ziada.

Hapo fundi amemaliza. Ajabu ni kwamba mfuko haukubaliani naye. Kadi ndogo zisizohitaji waya zinatafutwa na watu wengi wenye kompyuta za ofisi, kwa hiyo bei yake haishuki kirahisi. Kadi kubwa zilizotumika, kwa upande mwingine, ziliwahi kumwagwa sokoni kama mchanga. Kwa miaka kadhaa kadi za aina hiyo zilikesha zikichimba sarafu za mtandaoni, na Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kabisa mfumo wa kuchimba. Waliokuwa na mamia ya kadi wakabaki na vyuma vinavyotoa joto, wakaviuza. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta RX 580, kadi ya wati 185, kwa bei inayokaribiana na ya kadi ndogo isiyofikia nguvu zake.

Nilipoleta jambo hili darasani, mwenzangu mmoja alisema hakuna cha kufikiria: achukue RX 580, atafute pawa saplai nyingine na waya wa kuunganishia, na akipata fedha abadilishe na prosesa. Nikamuuliza, na jiwe? Kwa sababu nilikuwa nimeanza kuzungumza juu ya madini. Akajibu kwa methali: ukitaka kula nguruwe, kula aliyenona. Kadi zote zina madini yaleyale, akasema, ndogo na kubwa. Ikiwa kuna dhambi, ni ileile, basi angalau mtu apate faida yake.

Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana, na inastahili jibu la kweli. Nianze na yaliyo sahihi ndani yake. Ni kweli kwamba hakuna kadi isiyo na mawe. Lehemu inayoshikilia vipande kwenye ubao ni bati karibu yote, na sehemu ya bati ya dunia inatoka Bisie, Walikale, Kivu Kaskazini. Ndani ya chipu yenyewe, nyaya za shaba zilizo nyembamba kuliko unywele hufunikwa kwa utando wa tantali ili shaba isipenye ilikokatazwa. Baadhi ya kapasita nazo ni za tantali. Tantali inatoka katika koltani, na jina hilo hakuna mtoto wa huku asiyelijua. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Watu wanaichimba kwa chepeo na sururu, wanaiosha kwa maji ya mlima, na kuibeba mgongoni. Upande wetu pia kuna machimbo, kama ya Gatumba katika Ngororero.

Ni kweli pia kwamba mnunuzi hawezi kujua jiwe la kadi yake lilipita wapi. Tangu 2011 magunia ya madini nchini Rwanda hufungwa lebo zenye namba ili yafuatiliwe mpaka mgodini. Lakini kundi la M23 liliishika Rubaya mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba tani zipatazo 120 za koltani kwa mwezi zilitoka huko, zikavushwa mpaka na kuchanganywa na za Rwanda. Serikali ya Rwanda inakanusha. Insha ya mwanafunzi haiwezi kuwa mahakama ya kesi hiyo. Kwa hoja yangu inatosha kusema kwamba lebo hufungwa kwenye gunia, na kiwanda cha kuyeyusha hakiyeyushi magunia. Huko, ambako kwa kawaida ni mbali kabisa na Afrika, mawe ya milima mingi huingia tanuri moja. Kinachotoka hakina kabila wala uraia.

Basi, kama kadi zote ni sawa mbele ya jiwe, kwa nini nisikubaliane na methali ya mwenzangu?

Wapo wanaojibu haraka: anunue iliyotumika, na mikono yake itakuwa safi, maana haagizi jiwe jipya. Jibu hili linapendwa sana, nami nusu nalikubali. Kadi iliyotumika haimtumi mtu shimoni leo. Lakini aliyeiuza anachukua fedha hizo kuongezea katika kununua mpya, na pengine alikubali bei ya ile ya kwanza akijua atapata pa kuiuza. Uzi ni mwembamba, ila upo. Anayetafuta usafi kamili katika kadi ya kompyuta atautafuta mpaka kompyuta yenyewe izimike.

Wengine wanasema tususie. Hili limewahi kujaribiwa, na majirani zetu ndio waliolipa. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama bidhaa zao zina madini kutoka maeneo ya vita ya Kongo. Mwezi Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi wa nje nao wakaona ni rahisi zaidi kukwepa eneo zima. Wenye bunduki walipata njia nyingine za kula. Mchimbaji mwenye watoto hakuzipata. Ukimwambia mtu wa Masisi kwamba umemwonea huruma kwa kukataa kununua alichochimba, atakuuliza huruma hiyo inapikwa na nini.

Sasa nifike kwenye jibu langu. Mwenzangu anafikiri swali la maadili ni moja tu: je, kuna jiwe ndani, ndiyo au hapana? Na kwa kuwa jibu ni ndiyo daima, anahitimisha kwamba hakuna tofauti. Lakini kuna swali la pili ambalo halijibiwi kwa ndiyo au hapana: jiwe hilo linafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya jambo moja la kimaumbile ambalo watu wengi hawalijui. Dhahabu na shaba zilizomo ndani ya kompyuta iliyokufa zinaweza kurudi. Ubao ukipelekwa kwenye kiwanda kizuri, ukayeyushwa, dhahabu na shaba hukusanywa na kuuzwa tena. Tantali hairudi hivyo. Katika tanuri la shaba inashikana na oksijeni na kubaki katika yale ambayo wahunzi wetu waliyaita mavi ya chuma, ikiwa imetawanyika kidogokidogo kiasi kwamba hakuna anayeitafuta. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, na hilo ni jambo la kujivunia. Dunia nzima ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizorekodiwa kuwa zimekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Lakini hata zote zingechakatwa, sehemu kubwa ya jiwe la Rubaya isingerudi. Lililobebwa mgongoni likashushwa mlimani lina maisha mamoja tu kama kitu chenye faida, nayo ni ile miaka ambayo kadi inafanya kazi.

Kwa hiyo kadi ya wati 185 ndani ya mashine ya mwaka 2013 si sawa na kadi ya wati 75. Ile kubwa itafanya kazi nusu ya uwezo wake, kwa sababu prosesa haiwezi kuilisha. Itadai pawa saplai, kisha itadai prosesa, na prosesa itadai ubao mama, na ubao utadai memori mpya. Mwaka utapita na jirani yangu atakuwa na kompyuta nyingine, huku OptiPlex yote, yenye bati na tantali yake inayoendelea kufanya kazi bila kosa, iko uani chini ya mvua. Tulianza kwa kutafuta kadi ya kompyuta. Tunamaliza kwa kuitafutia kadi kompyuta. Sisemi ukubwa ni dhambi. Mtu anayechora majengo au anayefundisha mashine kutambua magonjwa ya mihogo anaihitaji kadi kubwa na ataichosha ipasavyo. Nasema kutosha si neno la kujifariji kwa maskini. Ni kipimo, na kinapimwa kwa kazi iliyopo mezani.

Mwanafalsafa Peter Singer aliandika mwaka 1972 kwamba umbali haubadilishi wajibu: anayeteseka mbali ana haki juu yangu sawa na anayeteseka karibu. Nimeusoma mjadala huo nikiwa mahali ambapo unageuka. Kwetu sisi hakuna umbali wa kuuzungumzia. Januari 2025, Goma ilipokuwa ikitekwa, risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua raia hapa Rubavu. Wapo wanaotuambia kwamba kwa sababu tuko karibu hivyo, sisi tuna hatia zaidi tunaponunua simu au kadi. Nikimfuata Singer mpaka mwisho, hilo si kweli: kama umbali haumpunguzii wajibu mtu wa California, ukaribu hauwezi kumwongezea mtu wa Mbugangari. Ukaribu unaongeza kitu kingine, yaani ujuzi. Sisi hatuwezi kusema hatukujua.

Anayenisaidia zaidi ni Iris Marion Young, ambaye alitenganisha hatia na wajibu. Hatia hutazama nyuma na kumtafuta mkosaji. Wajibu hutazama mbele, na unawahusu wote ambao matendo yao ya kawaida yanaushikilia mfumo usio wa haki, lakini si kwa kiasi kimoja: mwenye uwezo mkubwa wa kuubadilisha ana mzigo mkubwa zaidi. Nilidhani nimelielewa jambo hilo vizuri, mpaka tulipofika kwenye uamuzi wenyewe.

Zilikuwa zimebaki kadi mbili, 1050 Ti na 1650. Kwa hoja yangu ya miaka, 1650 inashinda. Mwaka 2025 kampuni ya Nvidia ilimaliza kutoa draiva mpya za kawaida kwa kizazi cha 1050 Ti, ikiahidi marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028, wakati kizazi cha 1650 kinaendelea kuhudumiwa. Kompyuta yenyewe imeshatangazwa mfu kwenye karatasi: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiipokei rasmi prosesa ya kizazi cha nne. Siku OptiPlex itakapokoma kweli, 1650 inaweza kuhamia mashine nyingine na kuendelea. Nikamweleza hayo yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kama mtu mzima anavyomsikiliza mwanafunzi, kisha akasema, "Mdogo wangu, tofauti ya bei ya hizo mbili ni sare ya shule ya mtoto."

Je, nina haki ya kumwambia aongeze fedha kwa heshima ya jiwe? Nimelifikiria hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya insha, na jibu langu ni hapana. Yeye hakuamua kwamba kadi nzima isiyo na kasoro ipewe tarehe ya kuzeeka. Hakuamua kwamba prosesa inayofanya kazi ikataliwe na programu mpya. Uamuzi huo ulifanywa na watu wenye uwezo mkubwa kuliko wake, na kila tarehe ya namna hiyo inapotangazwa, maelfu ya mashine hutupwa mahali ambapo watu wanaweza kumudu kutupa, na mahitaji ya mawe mapya hupanda. Kama tunagawa mzigo kwa kadiri ya uwezo, basi wa kwanza kuulizwa juu ya miaka ya kadi ni anayezima draiva, na jirani yangu yuko mwisho kabisa wa foleni. Sehemu yake ni kutonunua zaidi ya kazi yake na kukitunza alichonacho. Hilo anaweza, na tayari analifanya. Watu wa kipato chake wamekuwa wakilifanya siku zote bila kusoma falsafa.

Alichukua 1050 Ti iliyotumika. Kabla ya kulipa tuliiweka kwenye mashine na kuifungulia programu ya GPU-Z, kwa sababu kuna kadi za zamani sana zilizoandikwa upya ndani zijitambulishe kwa jina hilo. Hii ilikuwa ya kweli. Tukaiondolea vumbi na kuipaka dawa mpya ya joto. Kuhusu mtandao, ameamua mashine ya kuhariri isiunganishwe kabisa. Faili zinaingia kwa diski. Kadi iliyoungua hakuitupa. Fundi aliomba abaki nayo, akatoa feni yake na kapasita zilizo nzima, na feni hiyo sasa inazunguka kwenye kadi ya mtu mwingine.